Kupunguza mbio barabarani: ni mafuta tu yanaokolewa?

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 120. Shofere anayetembea 120 kwa saa bila kusimama angefika baada ya saa moja. Anayetembea 100 angefika dakika 12 nyuma yake. Anayetembea 80 angetumia saa moja na nusu.

Lakini anayeijua njia ile anajua kwamba hakuna anayepita bila kusimama. Kuna peaje, kuna makamio ya shaba yanayopanda polepole, kuna vijiji na masoko kando ya lami, kuna mtoto anayevuka na bidoni ya maji. Dakika zilizopatikana hapa zinapotea pale mbele. Esanse iliyokwisha kuwaka, hiyo hairudi.

Ndiyo maana, kila mara bei ya mafuta inapopanda, nchi nyingi zinauliza tena: je, serikali ipunguze mwendo unaoruhusiwa kwenye barabara kubwa, ili mafuta yatoshe? Swali hilo lina umri wa miaka zaidi ya 50. Majibu yaliyopatikana kwingine yana faida kwa watu wanaoishi kando ya barabara inayounganisha Kolwezi, Likasi na Lubumbashi.

Mafuta yanayosafiri kwa mafuta

Congo inachimba petroli yake upande wa Muanda, kwenye bahari ya Atlantiki. Lakini mazuti na esanse zinazouzwa Kikula, Panda au katikati ya mji wa Likasi hazitoki kule. Ni mafuta yaliyosafishwa ng'ambo. Sehemu kubwa inashushwa kwenye bandari za bahari ya Hindi, kama Dar es Salaam, kisha inapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 2,000. Kamio inayoleta mazuti inakula mazuti njia nzima, na gharama hiyo iko ndani ya bei.

Serikali ndiyo inayopanga bei kwa kila kanda ya nchi, na Haut-Katanga iko katika kanda ya Kusini. Bei ikiguswa Kinshasa, siku chache baadaye mama wa soko la Kikula anaisikia kwenye gunia la unga, kwa sababu unga nao unapanda gari.

Yote yalianza mwaka 1973

Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, nchi za Kiarabu zinazotoa petroli zilipunguza mafuta yao na kuzifungia nchi kadhaa. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda karibu mara nne. Ujerumani ya Magharibi, nchi ya barabara zisizo na kikomo, iliweka kikomo cha 100 kwa saa kuanzia Novemba 1973 mpaka Machi 1974. Uingereza nayo ilishusha mwendo mwezi wa Desemba. Tanzania ilifuata njia nyingine: katika miaka ile ya shida, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana.

Marekani ilikaa na sheria hiyo muda mrefu. Tarehe 2 Januari 1974 rais Richard Nixon alitia sahihi sheria iliyoweka kikomo kimoja kwa nchi nzima: maili 55, yaani kama kilometa 88 kwa saa. Ililegezwa mwaka 1987 na kufutwa mwaka 1995.

Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 2011, vita vya Libya vilipopandisha bei, Hispania ilishusha mwendo kutoka 120 hadi 110 kwa miezi karibu minne. Na mwezi wa Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Shirika la Kimataifa la Nishati lilishauri nchi tajiri zipunguze mwendo kwa kilometa 10 kwa saa kwenye barabara kubwa. Lilihesabu kwamba magari madogo yangeokoa mapipa kama 290,000 kwa siku, na makamio mengine 140,000. Dunia inatumia karibu mapipa milioni 100 kwa siku. Kwa hiyo ni kitu, lakini si dawa ya kila kitu.

Kwa nini mbio inakula mafuta

Abiria anayetoa mkono nje ya dirisha anapata maelezo yote. Gari ikitembea 40, upepo unabembeleza. Ikifika 100, mkono unasukumwa nyuma. Gari nzima inasukumwa vilevile, na moteri inalipa.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo. Inapanda mwendo mara mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini upepo umeongezeka zaidi ya nusu. Ukitoka 80 kwenda 120, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini upepo unasukuma zaidi ya mara mbili. Magunia ya makala juu ya paa yanazidisha shida, kwa sababu yanaupa upepo ukuta wa kupiga.

Upepo si kitu pekee kinachokula mafuta. Kuna uzito, milima, pine zisizo na hewa ya kutosha, na mguu unaokanyaga nguvu kisha kufunga frena ghafla. Kamio iliyojaa shaba inakula mazuti mengi zaidi kila inaposimama na kuanza tena. Na kutembea polepole sana hakusaidii: gari inayovutwa na gia ndogo inakula pia. Kwa magari mengi madogo, mwendo wa faida ni ule wa katikati, kati ya 60 na 90, bila kuruka-ruka.

Tuchukue mfano wa teksi inayokula litre 10 kwa kilometa 100 ikitembea 110, na litre 8 na nusu ikitembea 90. Kwenda Lubumbashi na kurudi ni kilometa 240. Kwa mwendo wa 110 itakula litre 24. Kwa mwendo wa 90, litre 20 na kidogo. Tofauti ni zaidi ya litre 3 na nusu kwa siku moja. Muda unaopotea ni kama robo saa kwenda na robo saa kurudi.

Kibao hakikanyagi frena

Sasa linakuja jambo ambalo wanasiasa wengi hawalisemi. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Ulaya lilihesabu faida ya kutoka 120 hadi 110. Likaona kwamba gari ndogo ingeweza kuokoa kati ya asilimia 12 na 18 ya mafuta, kama kila shofere angefuata sheria na kuendesha kwa utulivu. Kisha likahesabu upya, kwa watu jinsi walivyo kweli. Faida ikashuka hadi asilimia 2 au 3.

Namba inaweza kuandikwa kwenye kibao kwa siku moja, lakini mafuta yanaokolewa na mguu wa shofere. Na mguu unafuata hesabu za yule anayelipa.

Kwenye barabara ya Likasi kuna mashofere wa namna mbili. Wa kwanza ni yule wa teksi au basi ndogo, anayenunua esanse mwenyewe na kumpa mwenye gari pesa yake kila jioni. Yeye anasema: "Nikienda polepole, nakosa tour." Lakini kwenye parkingi gari hazitoki kwa mbio, zinatoka kwa zamu, na zikijaa. Anayefika robo saa mbele ya mwenzake mara nyingi anakaa saa nzima kungojea abiria. Ameuza litre 2 za esanse ili anunue nafasi ya kukaa kwenye kivuli.

Wa pili ni shofere wa kamio. Mazuti si yake, ni ya mwenye kamio. Akiokoa, faida haimfikii. Akikimbia, hasara haimuumi. Mbele yake kuna Kasumbalesa, ambako foleni ya makamio inaweza kuchukua siku. Nusu saa aliyoiiba kati ya Fungurume na Likasi inamalizikia kwenye foleni ile.

Hesabu ileile, lakini ya roho za watu

Marekani ilishusha mwendo kwa ajili ya mafuta. Kilichoonekana kwanza ni makaburi yaliyopungua. Mwaka 1973 watu karibu 54,000 walikufa kwenye barabara zake. Mwaka 1974 walikuwa karibu 45,000. Si kazi ya sheria peke yake, kwa sababu mafuta yalikuwa haba na watu walisafiri kidogo. Lakini mwaka 1984 wataalamu waliotazama miaka 10 ya sheria ile walisema ilikuwa ikiokoa maisha kati ya 2,000 na 4,000 kila mwaka. Mafuta yaliyookolewa yalikuwa kidogo: kama asilimia 2 ya yale yanayochomwa barabarani.

Sababu iko kwenye hesabu ileile ya upepo. Frena nazo zinafuata mwendo mara mwendo. Kwenye lami kavu, frena zikiwa nzima, gari inayotembea 80 inahitaji karibu mita 60 kusimama, tangu shofere aone hatari. Inayotembea 120 inahitaji zaidi ya mita 110. Mtoto mwenye bidoni akitokea mita 80 mbele, shofere wa kwanza anasimama na kumgombeza. Wa pili bado yuko katika mbio kubwa anapomfikia.

Watu wa barabara hii hawahitaji kufundishwa hilo. Tarehe 20 Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe katika Lualaba, kamio iliyobeba asidi ya sulfuriki iligongana na basi. Asidi ikamwagikia watu, na karibu 20 walikufa. Asidi, shaba, mazuti, abiria na watoto wa shule wanatumia lami moja. Tena magari mengi ya Katanga yametoka Japani na usukani uko kulia, wakati sheria ni kutembea kulia: shofere anayetaka kupita kamio lazima kwanza atoe gari nzima nje ndipo aone kinachokuja. Katika hali hiyo, mbio kubwa inamnyima muda wa kurudi nyuma ya kamio.

Kitu gani kingefanya kazi hapa

Congo ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, siku za Zaïre. Shida iko kwenye kuifuata. Mashofere wanaogopa kwamba kibao kipya kitakuwa tundu jipya la kutoa makuta kwa yule anayesimamisha magari. Woga huo una maana. Kikomo kinachosimamiwa kwa majadiliano ya dirishani hakiokoi mafuta wala mtu.

Majirani walijaribu kutoa mkono wa mtu ndani ya jambo hilo. Kenya, tangu Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, ilidai matatu na mabasi yafungwe kifaa kinachozuia mwendo kupita 80. Tanzania inafunga kwenye mabasi ya safari ndefu chombo kinachotuma habari za mwendo kwa mamlaka ya usafiri, LATRA. Nchi zote mbili zilifanya hivyo kwa sababu ya ajali, na zote mbili zimeona mafundi wanaojua kuchezea vifaa. Hata hivyo, chombo hakiombi kitu dirishani.

Kuna pia hatari ya kulazimisha wachache. Gari moja ikitembea 80 na zingine 120, zile za mbio zitapita kila mara, na kupita ndiko kunakoua. Kikomo kinafaa kikiwa cha wote, magari ya wakubwa yakiwemo.

Bila kungojea Kinshasa, wenye makamio wanaweza kugawana na shofere thamani ya mazuti yaliyobaki. Vyama vya mashofere vinaweza kukubaliana mwendo mmoja, kwa kuwa zamu ya parkingi iko tayari na hakuna atakayenyang'anywa abiria. Mwenye gari anaweza kupima hewa ya pine kila wiki. Na abiria naye ana mdomo. Kwenye basi za Likasi mara nyingi ni abiria wanaopiga kelele: "Papa shofere, ongeza mbio, saa inapita!" Mama mmoja akisema "Taratibu papa, tuko na batoto", shofere anasikia, na litre 2 zinabaki kwenye tanki.