Gari Halizeeki kwa Miaka

Mwaka 2010 shirika la usafiri la New York liliondoa kazini mabehewa ya treni ya chini ya ardhi yaitwayo R44. Yalikuwa yameundwa kati ya 1971 na 1973. Mafundi waliyakagua wakakuta kutu imekula sehemu za chuma zinazobeba uzito wa behewa zima, na hakukuwa na ukarabati wenye maana. Wakati huohuo, mabehewa ya R32, yaliyotoka kiwandani 1964 na 1965, yaliambiwa yaendelee. Yakaendelea miaka kumi mingine. Mdogo alistaafu, kaka mkubwa akabaki kazini.

Msomaji wa Rubavu anaweza kusema hayo hayamhusu. Rwanda haina reli. Mwaka 2018 nchi yetu na Tanzania zilikubaliana kuhusu reli ya kutoka Isaka hadi Kigali, na hata siku itakapofika Kigali, kuja kwetu Gisenyi kutabaki kilomita 150 na ushei za barabara. Treni yetu sisi ni basi linalopanda kwenda Musanze na kushuka Kigali. Lakini swali la New York ndilo letu: ni lini basi la abiria liambiwe basi?

Jibu la haraka ni kutaja mwaka wa kuundwa. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane. Sheria ya namna hiyo ina faida yake: afisa wa forodha anasoma tarehe kwenye karatasi, hahitaji kulala chini ya gari na tochi. Kwa kuchuja mitumba bandarini inatosha. Kwa kuamua chombo kilichomo kazini kistaafu lini, haitoshi, kwa sababu chuma hakisomi kalenda.

Chuma huhesabu mizigo

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya kichwa chake. Mabehewa yalipandiana na kuwaka moto, watu zaidi ya 50 wakafa. Kilichowasumbua wahandisi ni kwamba ekseli ile haikuwa imebebeshwa uzito kupita kiasi siku hiyo. Ilikuwa imebeba uzito wa kawaida, ila mara nyingi mno.

Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1850 na 1860. Alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo, akahesabu mizunguko mpaka zivunjike. Aligundua kwamba mzigo ambao chuma kinaumudu mara moja bila tabu unaweza kukivunja ukirudiwa mara laki kadhaa. Hali hiyo tunaiita uchovu wa chuma. Ufa huanza mdogo kuliko unywele, mara nyingi penye kona, tundu la bolti au mshono wa kuchomelea, na hukua polepole kwa kila mzunguko. Kisha siku moja, chuma kilichobaki hakitoshi.

Kwa hiyo umri halisi wa gari ni idadi ya mara ambazo limebebeshwa, limepinda, limetikiswa na limefunga breki. Chukua mabasi mawili yaliyonunuliwa siku moja. Moja linatoka Kigali kwenda Nyamata, barabara isiyo na milima mikubwa. Jingine linakuja Gisenyi. La Gisenyi linapita Mukamira, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha linateremka hadi Ziwa Kivu lililoko mita 1,460 hivi. Katika mteremko huo, nguvu yote ya uzito unaoshuka lazima igeuke joto, na kama dereva hatumii breki ya injini na gia ndogo, joto hilo karibu lote linakwenda kwenye ngoma za breki. Ngoma hupata moto, hupoa, hupata moto tena. Nyufa ndogo huanza kujichora ndani yake. Baada ya miaka mitano, kadi za mabasi haya zitasema yana umri mmoja. Mwili wa chuma utasema mengine.

Kutu nayo ina mahali pake

R32 zilipata bahati ya kuzaliwa vizuri. Kampuni ya Budd ilizijenga kwa chuma cha pua. R44, ambazo kwa nje zilionekana za kisasa zaidi, zilikuwa na sehemu za chuma cha kawaida chini, palepale maji, chumvi ya barafu na uchafu vinapojikusanya. Milango mibovu inabadilishwa, injini inabadilishwa, hata mfumo wa umeme unabadilishwa wote. Fremu ikioza, unakuwa umebaki na vipuri vizuri visivyo na pa kufungwa.

Huku kwetu hakuna barafu ya kumwagiwa chumvi, lakini tuna volkano ya Nyiragongo. Moshi wake una gesi ya salfa, na mvua inayopita katika moshi huo huteremka na asidi. Wakazi wa Goma wanajua jinsi mabati yao yanavyoliwa mapema. Chasisi inayolala nje usiku kucha karibu na mpaka inanyeshewa mvua hiyohiyo. Kuosha gari chini, siyo ubavuni tu ambako abiria wanatazama, na kupaka dawa ya kuzuia kutu, ni kazi ya bei nafuu inayoongeza miaka ya fremu kuliko rangi yoyote mpya.

Kipimo kinachosema kweli

Mashirika ya treni hupima uimara kwa namba moja: wastani wa kilomita ambazo behewa linakwenda kati ya hitilafu moja na nyingine. Taa iliyoungua haihesabiwi. Inahesabiwa hitilafu iliyochelewesha safari au kufanya treni iondolewe njiani.

Mwaka 1981, wastani wa mabehewa yote ya New York ulikuwa kilomita 11,000 hivi. R32 wakati huo zilikuwa na miaka 16 au 17, umri wa ujana kwa behewa. Miaka yao ya mwisho, zikiwa zimepita miaka 50, zilikuwa zikienda kama kilomita 50,000 kati ya hitilafu. Ziliwezaje kuzeeka na kuimarika kwa pamoja? Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, chini ya meneja aliyeitwa David Gunn, mafundi waliacha kungoja kipuri kife ndipo kibadilishwe. Kila kipuri kiliwekewa muda wake wa kutolewa, kingali kizima. Mwishoni mwa muongo huo R32 zilifanyiwa ukarabati mkubwa wa mwili mzima. Miaka haikurudi nyuma. Utunzaji ulisonga mbele.

Tuilete namba hii Rubavu. Tuchukulie basi linalokwenda Kigali na kurudi mara moja kwa siku: kilomita 310 hivi. Likifanya kazi siku 26, ni kilomita 8,000 kwa mwezi. Likiharibikia njiani mara mbili, wastani wake ni kilomita 4,000. Kwa kiwango cha R32 katika uzee wake, basi hilo lingekwenda miezi sita bila kuwashusha abiria porini hata mara moja.

Hata hivyo watu wa New York waliililia R32 iondoke. Hawakuwa wachoyo wa shukrani. Treni moja iliunganisha mabehewa manane, na behewa moja likigoma, yote manane yanasimama. Gawanya 50,000 kwa nane: treni nzima ilipata hitilafu kila kilomita 6,000 na kidogo, huku mabehewa mapya yakiwa yanakwenda mbali zaidi mara kadhaa. Vyombo vinavyotegemeana hugawana udhaifu, na ndiyo maana kiwango kinachotosha kwa basi moja hakitoshi kwa behewa moja.

Kipya si salama kwa kuwa kipya

Ukichora hitilafu za chombo tangu kinunuliwe mpaka kife, unapata umbo la beseni. Mwanzoni ziko juu, kwa makosa ya kiwandani na mafundi ambao bado wanakijifunza. Zinashuka, zinakaa chini miaka mingi, kisha zinapanda tena uzeeni. Mwaka 2020 New York ilipata somo la ukingo wa kwanza wa beseni hilo. Mabehewa mapya ya R179 yaliondolewa njiani mara mbili, mara kwa sababu ya milango na mara kwa sababu treni iliachana katikati ikiwa safarini. R32, zilizokuwa zimekwisha kupumzishwa, zikaitwa kuziba pengo. Ziliacha kazi ya kila siku baadaye mwaka huohuo, na safari yao ya kuagana ikafanyika Januari 2022.

Ukingo wa pili wa beseni ndio unaotoa hukumu. Chombo kikitoka kwenye ukarabati mkubwa na hitilafu zisishuke, ujue kimeingia uzee wa kweli. Ndiyo maana namba ya mwezi mmoja haisemi kitu. Kinachosema ni mwelekeo wake kwa mwaka au miwili.

Spea ndiyo roho

Kuna vyombo hufa bila kuzeeka. Reli nyepesi ya Addis Ababa ilifunguliwa Septemba 2015 ikiwa na treni 41 mpya kutoka China. Haikutimiza miaka kumi kabla ya zaidi ya nusu ya treni hizo kusimama, kwa sababu kubwa moja: spea hazikupatikana, na fedha za kigeni za kuziagiza zilikuwa adimu. Spea ikikosekana dukani, fundi hung'oa kutoka treni iliyosimama kuiponya inayotembea. Kila treni inayonusurika hivyo inasogeza nyingine kaburini.

Nairobi ilichukua njia nyingine. Reli ya kisiwa cha Mallorca, Hispania, ilipoanza kutumia umeme, treni zake za dizeli zilizoanza kuundwa miaka ya 1990 zilikosa kazi. Reli ya Mallorca ina upana wa mita moja, sawa na reli ya zamani ya Kenya. Shirika la Reli la Kenya likanunua treni 11, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akazizindua kwa ajili ya abiria wa vitongoji vya Nairobi. Uingereza ilifanya jambo linalofanana. Kisiwa cha Wight kina handaki lenye dari la chini, basi kikatumia treni za London zilizoanza kuundwa 1938 mpaka Januari 2021. Zilizozirithi zimejengwa upya kutokana na treni nyingine zilizostaafu London. Chombo kilichochoka kwa kazi moja kinaweza kufaa kwa kazi nyepesi zaidi. Sharti ni mnunuzi apewe daftari la matengenezo yote, na ajue spea zitatoka wapi miaka kumi ijayo. Gari lisilo na daftari hununuliwa kwa imani tu.

Tufanye nini Rubavu?

Rwanda tayari ina ukaguzi wa lazima, na magari ya abiria hupita kila baada ya miezi sita. Ukaguzi huo ni mzuri, lakini unaeleza gari lilivyokuwa siku ile. Hauelezi limesimama njiani mara ngapi tangu ukaguzi uliopita. Historia hiyo wanayo madereva, makonda na mafundi, nayo haiandikwi popote.

Iandikwe. Kila basi la njia ndefu liwe na daftari lenye safu nne: tarehe, kilomita, kilichoharibika, kilichobadilishwa. Kampuni itume jumla yake kila robo mwaka kwa RURA, inayotoa leseni za usafiri wa abiria, na namba za kila kampuni zitangazwe. Abiria akijua kampuni hii huharibikiwa kila kilomita 20,000 na ile kila 3,000, atachagua mwenyewe mahali pa kukata tiketi.

Kisha kustaafu kuamuliwe kwa mambo matatu. La kwanza ni fremu: ikikutwa na kutu iliyotoboa au ufa kwenye sehemu zinazobeba uzito, gari litoke siku hiyo, hata kama ni la juzi. La pili ni mwelekeo: hitilafu zikizidi kupanda baada ya ukarabati kamili, tarehe ya kuondoka iwekwe. La tatu ni spea: mtengenezaji akiacha kuzitoa, mwenye gari aanze kutafuta jingine akiwa bado ana nguvu ya kusubiri. Mabasi ya umeme, ambayo yameanza kuonekana Kigali, yatapunguza mzigo wa breki mteremkoni, kwa kuwa mota yao hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini betri nayo huchoka, na uwezo uliobaki ndani yake utahitaji safu ya tano katika daftari.

Baada ya kustaafu kuna kazi ya mwisho. New York ilizamisha mabehewa yake mengi katika Atlantiki yawe makao ya samaki. Huko Delaware yalianza kuzamishwa 2001. Kivu haihitaji mabasi chini yake. Chuma chakavu kinaweza kwenda SteelRwa, Rwamagana, kikayeyushwa kuwa nondo, lakini mafuta na betri vitolewe kwanza, vihifadhiwe kando.

Gharama ya haya yote ni kalamu, daftari na mtu wa kujumlisha. Mwenye basi ataogopa kwamba hesabu hiyo itamnyang'anya gari mapema. Kwa wengi itakuwa kinyume: basi la miaka 15 lililotunzwa litathibitisha kwa namba kwamba linastahili kuendelea, na la miaka sita lililotelekezwa halitaweza tena kujificha nyuma ya rangi mpya na mwaka mzuri kwenye kadi.