SOKO LA MAZAO NGARA: Kanuni moja, mzigo tofauti kwa kila kaya

Kanuni za serikali kuhusu mazao huandikwa kwa maneno yaleyale kwa wananchi wote. Zinapofika Kanazi, wilayani Ngara, hazimgusi kila mmoja kwa uzito uleule. Anayeuza tani ya kahawa na anayeuza madebe machache husimama mbele ya mizani moja, lakini mmoja huondoka na akiba, mwingine huondoka na deni.

Chukua kaya tatu za mfano. Ya kwanza huuza kahawa ya Sh. 300,000 kwa msimu na hununua chakula sehemu ya mwaka. Ya pili huuza kahawa ya Sh. 3,000,000, ina migomba ya kutosha na maharage ya ziada. Ya tatu ina duka na gari, hununua mazao ya majirani na kuyapeleka sokoni.

Ushuru wa mazao

Hadi mwaka 2017 halmashauri za wilaya ziliweza kutoza ushuru wa mazao hadi asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka huo kiwango kilishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Kwa vitendo mnunuzi huupiga hesabu ushuru huo kabla ya kutaja bei, hivyo sehemu yake humrudia mkulima. Kama nafuu yote ya mwaka 2017 ingemfikia mkulima, kaya ya kwanza ingebakiwa na Sh. 6,000 zaidi na ya pili Sh. 60,000. Asilimia ni sawa, fedha si sawa.

Nafuu iliyomlenga mdogo ilikuwa nyingine: mwaka huohuo, mzigo usiozidi tani moja unaotoka wilaya moja kwenda nyingine uliondolewa ushuru. Magunia kumi ya maharage ya kilo 100 kila moja yanaingia katika msamaha huo. Mwenye lori lililojaa haingii.

Kiwango kisichojali kipato

Tozo inayouma zaidi kwa mnyonge ni ile ya kiwango kimoja kwa wote. Kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ilikuwa ya namna hiyo: mwenye shamba kubwa na kibarua wake waliweza kudaiwa kiasi kilekile.

Mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh. 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka. Kwa anayefikia kikomo hicho, ada ni nusu ya asilimia moja ya mauzo. Kwa mama muuza ndizi mwenye mauzo ya Sh. 400,000, ni asilimia 5. Hata hivyo, kitambulisho kilikuwa na thamani kwake: kilimkinga na ushuru wa kila siku na bughudha za sokoni.

Butura na malipo ya kusubiri

Jambo zito zaidi mkoani Kagera ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado ua au mbichi mtini. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Bado inaishi, na sababu yake ni kalenda: shule hufunguliwa Januari, kahawa huvunwa miezi kadhaa baadaye.

Kaya ya kwanza ikihitaji Sh. 30,000 kwa sare na daftari, ikazipata kwa kuahidi kahawa itakayouzwa Sh. 60,000 wakati wa mavuno, imelipa riba ya asilimia 100 kwa muda usiofika mwaka. Hasara hiyo ya mara moja inazidi mara tatu ushuru wa asilimia 3 wa mavuno yake yote, ambao ni Sh. 9,000.

Marufuku peke yake haiondoi shida iliyomsukuma mkulima. Mkopeshaji akijua mkataba wake hautambuliki, huongeza hofu yake kwenye bei, na mkopaji ndiye huilipa.

Mfumo wa kununua nao una pande mbili. Kuanzia msimu wa 1994/95 kampuni binafsi ziliruhusiwa kununua kahawa kwa wakulima na kulipa taslimu. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ipitie vyama vya msingi vya ushirika na kuuzwa mnadani. Mnada huweza kuinua bei na kumkata mlanguzi. Lakini malipo yakichelewa, kaya ya pili husubiri, ya kwanza haiwezi. Hapo butura na magendo hupata wateja wapya.

Mpaka unapofungwa

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Juni 2017 Rais John Magufuli alizuia mahindi kuuzwa nje bila kusagwa. Hatua ya aina hiyo hushusha bei ndani ya nchi. Kaya ya kwanza, inayonunua chakula, hupumua. Yenye ziada ya kuuza hupoteza, na ikipunguza vibarua shambani, nafuu ya kaya ya kwanza hupungua nayo. Mwenye gari na ghala hununua kwa bei ya chini na kungoja.

Mambo ya kutazama

Kanuni yoyote mpya ya mazao hupimwa kwa maswali matatu. Je, ni asilimia au kiwango kimoja? Malipo huja lini? Nani ana uwezo wa kungoja? Kwa kaya ya kwanza ya Kanazi, malipo ya haraka chamani na mkopo mdogo wa Januari vina thamani kuliko kupunguziwa ushuru kwa asilimia mbili.