Chai ya Asubuhi ya Krismasi Hapa Adams

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule hii, "Krismasi asubuhi kwenu mnakunywa chai na nini?" atakujibu hata kabla hujamaliza swali: chapati. Wachache watasema mandazi, na mmoja au wawili wanaotoka zile fleti za upande wa Kilimani watataja soseji na mayai. Lakini chapati ndiyo itakayoshinda kura hiyo bila mpinzani.

Jibu hilo linafaa kumshangaza mtu. Chapati si chakula cha ajabu hapa Adams Arcade. Ukishuka stejini asubuhi na mapema, uvuke Barabara ya Ngong kuelekea Soko la Toi, utawakuta kina mama wamekwisha kuziweka motoni, na kwa shilingi 20 hivi utapewa moja imefungwa kwa gazeti. Sisi wa shule ya kutwa tunazijua sana, maana ndizo zinazotusukuma hadi saa nne. Basi kama chapo ipo kila siku, mbona Krismasi tuipigie vigelegele?

Kwanza tukumbuke kwamba ngano ni mgeni katika meko yetu. Nyanya zetu walipokuwa wasichana, asubuhi ilikuwa ya uji wa wimbi au mtama, viazi vitamu, nduma, au ugali uliolala. Vyote hivyo vilitoka shambani bila kupitia dukani. Chapati ilikuja na Wahindi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walibaki na mapishi yao. Hata hili jina Adams linatokana na Mwafrika wa asili ya Kihindi, Abdul Habib Adam, aliyejenga maduka haya miaka ya 1950. Jambo la kuchekesha ni kwamba chapati ya India aghalabu huiva kikaangoni bila mafuta. Hii yetu yenye tabaka na mafuta ya kung'aa inafanana zaidi na ile wanayoiita paratha. Sisi tulichukua jina la moja tukapika nyingine!

Ngano yenyewe ililimwa kwa wingi na walowezi. Lord Delamere aliipanda Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ikaharibiwa na ugonjwa wa kutu, akajaribu tena, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iitwayo Unga. Kwa hivyo kwa mtu wa kijijini, unga wa ngano ulikuwa kitu cha kununuliwa kwa pesa taslimu. Mafuta pia yalinunuliwa. Sukari na majani chai vilevile. Familia iliyouza kahawa au ng'ombe mmoja ilipata pesa za kutosha vitu hivyo vyote kwa pamoja mara moja tu kwa mwaka, nayo ilikuwa Desemba, watu wa mjini waliporudi nyumbani wamebeba vifurushi. Ndiyo sababu wazazi wetu wakisimulia utoto wao, hawasemi "tulikula chapati", wanasema "tulikula chapati ya Krismasi". Ilikuwa ni neno moja.

Sababu ya pili ni kazi. Chapati ya kibandani unaihesabu: moja, mbili, mfuko umekwisha. Ya nyumbani siku ya Krismasi haihesabiwi, na ili isihesabiwe lazima mtu akeshe. Kilo 2 za unga hutoa chapati 22 au 24 ukisukuma za kadiri. Nyumba ya watu sita yenye wageni wa ghafla haiwezi kupungukiwa na kilo 4, na hizo hukandwa tarehe 24 jioni.

Hapa nitaeleza kidogo kwa faida ya wavulana, ambao nadhani wengi wanajua kazi moja tu ya chapati. Unga hukandwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kiasi mpaka uache kunata vidoleni. Kisha hufunikwa ukapumzika kama nusu saa. Asiyejua hudhani huko ni kupoteza wakati. Ule utomvu wa ngano unaovutika kama mpira hulegea ukipumzishwa. Usipoupumzisha, kila ukisukuma chapati inajirudi na kuwa ndogo, na ukiila inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Baada ya hapo donge husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa kama mkeka na kuzungushwa liwe kama konokono, ndipo lisukumwe mara ya pili. Mafuta yaliyofungiwa katikati ndiyo yanayotenganisha tabaka. Chapati zikiiva hupangwa kwenye sufuria na kufunikwa kwa kitambaa ili mvuke wake uzilainishe hadi asubuhi. Nyumba yenye jiko moja la makaa na kikaango kimoja huchukua saa tatu au nne kumaliza. Kazi hiyo, nasema bila kuogopa, huachiwa wasichana na mama zao, huku wengine wakitazama televisheni na kuuliza kama kuna iliyoungua wapewe.

Wakatoliki huenda misa ya usiku na kurudi saa saba au saa nane wakiwa na njaa, na hapo sufuria hufunuliwa mapema. Mwaka wa 2020 hilo halikuwezekana, kwani kafyu ya korona ilianza saa nne usiku, misa zikasogezwa hadi jioni, na watu wakalala kama siku ya kawaida.

Asubuhi yenyewe, chai ni ileile ya siku zote ila imetiwa maziwa bila huruma, na tangawizi. Majirani zetu waliotoka Pwani huandaa mahamri yenye iliki na tui, na mbaazi za nazi kando. Mimi naona mahamri yanaishinda chapati kwa harufu, lakini kwa kushibisha hapana. Wale waliosafiri ushago usiku wa kuamkia sikukuu hunywa chai yao ya Krismasi Nakuru au Kericho, wamesimama kando ya basi na mandazi ya baridi mkononi. Vibanda vya Toi siku hiyo hufungwa vingi, wapishi nao wameenda kwao, asiyepika hapati.

Tena kuna wale ambao siku hiyo ni ya kazi. Wauguzi, madereva, askari. Baba yangu ni bawabu wa usiku katika jengo moja la Kilimani. Zamu yake haijui Krismasi, inaisha saa kumi na mbili asubuhi, na kwetu hakuna anayegusa sahani mpaka aingie, anawe uso na kuketi. Ndugu zangu wadogo huona dakika hizo kama mwaka mzima.

Mwaka wa 2022 asubuhi hiyo ilikuwa karibu kutushinda. Kenya huagiza ng'ambo zaidi ya nusu ya ngano yake, na sehemu kubwa ilitoka Urusi na Ukraine. Vita vilipoanza huko mwezi wa Februari, bei ilipanda, na pakiti ya kilo 2 ikapita shilingi 200. Mafuta ya kupikia nayo yalikuwa hayashikiki. Mama, ambaye hununua pakiti 2 kila Krismasi, alinunua moja. Dada yangu mkubwa alisema mwaka huo tusitoe sahani za majirani. Kwetu hutoka sahani tatu: moja kwa mama mmoja mjane, moja kwa mzee anayeishi peke yake, na moja kwa familia ya Wanubi tuliyopakana nayo.

Hao Wanubi ni Waislamu, wajukuu wa askari kutoka Sudan waliopewa Kibera kukaa zamani za ukoloni; jina lenyewe latokana na neno lao la msitu. Hawasherehekei Krismasi. Lakini siku ya Idi sahani yao hutufikia ikiwa na gurusa, ule mkate wao mwembamba wa ngano, na si adabu kurudisha sahani tupu.

Mama alimjibu dada, "Tukikatiza mwaka huu, mwaka ujao nani ataanza?" Akachemsha malenge, akaponda, akayakanda pamoja na unga. Malenge huongeza donge na kupunguza maji, na chapati hutoka laini yenye rangi ya manjano. Tulipata 28. Tisa zikatoka nje, tatu kwa kila sahani. Zilizobaki zilitutosha tatu tatu, na ile moja ya ziada alipewa baba. Tangu hapo wadogo zangu hudai za malenge hata unga ukiwa mwingi.

Nisisahau kwamba si kila mtu wa mtaa huu hula Krismasi tarehe 25. Ukielekea mjini, karibu na Hospitali ya Coptic, Wakristo wa Kikopti husherehekea tarehe 7 Januari, kama wafanyavyo Waethiopia na Waeritrea walio wengi huku Kilimani. Kabla ya hapo hufunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai. Wakitoka kanisani usiku huo ndipo hufungua, na kwa Waethiopia kinachosubiriwa ni injera na mchuzi mkali wa kuku wenye mayai ya kuchemsha. Wanapofungua wao, sisi wengine tumeshabandika uji, maana pesa zote zimeelekea kwenye karo.