Nyumba ya Udongo Iliyonunuliwa kwa Pauni 10

Baada ya zamu tatu za usiku wodini, niliwapeleka wanangu kijiji cha Alfriston, Sussex Mashariki. Pana nyumba ya karne ya 14: nguzo za mwaloni, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi. Zamani moto uliwashwa katikati ya ukumbi, moshi ukipanda hadi paani, maana dohani haikuwapo. Sakafu ni chaki iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa maziwa yaliyochacha.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa gofu la kubomolewa. Kasisi wa kijiji akaipigania, na mwaka 1896 shirika la National Trust likainunua kwa pauni 10. Ndilo jengo lake la kwanza.

Binti yangu akauliza, "Mama, hii si kama ya bibi Pangani?"

Nikanyamaza. Wiki ile ile niliwaandikia ndugu zangu kwamba ya bibi ivunjwe, nitatuma hela ya matofali.

Usiku nikampigia kaka. "Msivunje kwanza. Nitafutie fundi wa kukandika, aniambie bei."

Ndugu msomaji, nawe ulizia bei hiyo kabla hujatuma hela ya kubomoa.