Sokwe Mwenye Suti na Kisiwa cha Mfangano

Boti ya abiria inayotoka Mbita kwenda Sena, kisiwani Mfangano, haina haraka. Ikishapakiwa magunia ya unga, kreti za soda, mabati na kuku waliofungwa miguu, abiria hubaki na zaidi ya saa moja ya kukaa bega kwa bega wakitazama maji. Hapo ndipo chemsha bongo hunoga. Na kati ya michezo yote ya aina hiyo, mtamu zaidi ni ule wa kupewa mambo mawili yasiyojuana kabisa, ukatakiwa uyaunganishe kwa viungo vya kweli tupu.

Kwa mfano: sokwe aliyepanda baiskeli jukwaani Paris, na jina la Zanzibar.

Anayeanza mchezo huu hukimbilia miaka. Atasema fulani alizaliwa mwaka ambao meli fulani ilizama, kisha anyooshe mikono kama aliyefunga bao. Hicho si kiungo. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, kisiwa kinachopakana na Mfangano, alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 wa Kiafrika kusoma Marekani. Mwaka huohuo, huko Olduvai, Tanganyika, mchimbaji wa visukuku Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu. Kalenda inayaweka matukio hayo pamoja, lakini hakuna lililosababisha jingine. Ukimtaka Mboya kwenye mnyororo wako, mpitishe kwenye barua ya kuchangisha nauli ya ndege ile: ilitiwa saini na Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Barua ilileta pesa na pesa zikalipa ndege. Hapo kuna kiungo.

Turudi kwa sokwe. Consul lilikuwa jina la kazi la sokwe zaidi ya mmoja barani Ulaya. Mmoja aliwachekesha watu katika bustani ya wanyama ya Belle Vue, Manchester, akafa mwaka 1894. Mwingine alijaza ukumbi wa Folies Bergère, Paris, mwaka 1903. Walivishwa suti na kufundishwa kuvuta sigara na kuendesha baiskeli, hadi jina la Consul likazoeleka kama jina la sokwe yeyote msanii. Kwa hiyo mwaka 1933, mtaalamu wa makumbusho ya London, Arthur Tindell Hopwood, alipochunguza mifupa ya kale kutoka Koru, magharibi mwa Kenya, na kuamua kwamba ni ya babu wa masokwe, alimpa mnyama huyo jina la mzaha: Proconsul, yaani aliyemtangulia Consul. Sayansi ikaupokea utani huo kwa uso mkavu.

Mwaka 1948, Oktoba, Mary Leakey alikuta Rusinga fuvu la Proconsul lenye uso wake. Umri wake ni takriban miaka milioni 18. Fuvu jembamba namna ile lilidumu kwa sababu ya Kisingiri, volkeno kubwa iliyolipuka mara kwa mara na kuwafunika wanyama na hata majani kwa majivu. Kisingiri yenyewe imelika; milima ya Gwasi na Gembe, inayoonekana kutoka kwenye boti, ni mabaki yake, na miamba ya Rusinga na Mfangano ni matapishi yake. Mfangano nayo imetoa visukuku vya wanyama wa enzi hizo.

Mary akasafiri kwa ndege hadi Uingereza na fuvu lake, magazeti yakapiga kelele, na tajiri mmoja wa London aitwaye Charles Boise, baada ya kusoma habari hizo, akawatumia akina Leakey pesa. Aliendelea kuwafadhili kwa miaka. Wale wachimbaji wakahamishia nguvu Olduvai, na Mary alipopata lile fuvu la Julai 1959, mumewe Louis alilipa jina lenye shukrani ndani yake: Zinjanthropus boisei. Boisei ni Boise. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani ya Afrika Mashariki, na ndilo lililomo ndani ya jina la Zanzibar.

Mnyororo umefika. Hata hivyo viungo vyake havilingani uzito. Kati ya Rusinga na Olduvai kuna pesa, na pesa ni chuma. Kati ya Olduvai na Zanzibar kuna jina tu, na jina ni kamba ya ukindu: inafunga, ila usiiningʼinie.

Wazungu hupenda kudhani mchezo huu ni wao. Mwandishi wa Hungaria, Frigyes Karinthy, aliuandikia hadithi mwaka 1929, wahusika wake wakishindana kumfikia mtu yeyote duniani kupitia watu watano wanaofahamiana. Mwaka 1978 James Burke aliufanya mfululizo mzima wa televisheni ya BBC. Lakini Waswahili walikuwa na mwalimu Goso. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, aliichapa hadithi yake mwaka 1870 kama alivyoisikia kwa wenyeji: Goso anafundisha chini ya mbuyu, buyu linamwangukia kichwani, anakufa, na wanafunzi wanaenda kumtafuta muuaji. Wanaanza na upepo wa kusi, wanapita kwa kiambaza, panya, paka, kamba, kisu, moto, maji na ngʼombe, kila mmoja akijitoa lawamani kwa kumtaja anayemshinda nguvu. Wanapomfikia paa, ambaye ndiye aliyelitikisa buyu, anakosa la kusema. Mnyororo unakatika hapo, na paa naye anauawa.

Ziwani kuna mnyororo wa sampuli ya Goso ambao wavuvi wanaujua bila kuusoma popote. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Victoria. Alipozidi, akawala furu, samaki wadogo ambao akina mama walikuwa wakiwaanika juani na kuwauza. Sangara ana mafuta mengi, juani anaoza. Inabidi akaushwe kwa moshi. Moshi unataka kuni. Basi samaki aliyeingizwa majini akaangusha miti milimani. Huku nyuma, furu alipopungua, omena, yaani dagaa, akajaa. Hapa hakuna kamba ya ukindu hata moja.

Huyo omena ndiye anayepokea wageni wa Mfangano. Ametandazwa ufuoni juu ya nyavu kuukuu, maelfu kwa maelfu, akimetameta kama bati jipya, na mwanamke mwenye ufagio mdogo anamgeuza kabla upande mmoja haujakakamaa. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazomvuta hadi kwenye wavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi betri na sola zinazidi kushika nafasi.

Sola inafungua mlango mwingine. Mwaka 1996 Bart Knols na Ruurd de Jong wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, waliandika kwamba mbu wa malaria huvutwa na jibini ya Limburger, kwa kuwa inanuka kama miguu ya binadamu. Miaka 10 baadaye walipewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Utafiti wa harufu haukuishia kwenye kicheko. Kuanzia mwaka 2012, Wageningen na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye kambi pale Mbita, walifunga katika nyumba za Rusinga mitego yenye harufu ya kuiga ya binadamu. Mitego ilihitaji umeme, hivyo kila nyumba ikapata paneli ya sola, na paneli hiyohiyo ikawasha taa na kuchaji simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: palipokuwa na mitego, maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 30 hivi. Kutoka jibini inayonuka hadi mtoto anayesomea taa ya sola Rusinga ni hatua chache sana.

Sokwe wa Paris naye bado ana deni. Mwaka 1993 Proconsul mdogo wa Rusinga alipewa jina la pili la heseloni, kumuenzi Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wataalamu wakaenda mbali zaidi. Walisema mifupa ya Rusinga na Mfangano haifanani vya kutosha na ile ya Koru, ikaondolewa kwenye ukoo wa Proconsul na kuundiwa ukoo wake. Consul akavuliwa suti. Jina jipya ni Ekembo, neno la Kisuba la nyani.

Kisuba ni lugha ya Abasuba, ambao wengi wao leo huzungumza Dholuo, na UNESCO imekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Mfangano ndiko kinakosikika zaidi. Kituo cha jamii kilichopo kisiwani kinaitwa Ekialo Kiona, Dunia Nzima. Katika maabara za mbali, wanafunzi ambao hawajawahi kuliona Ziwa Victoria wanaandika ekembo kwenye daftari zao, huku kwenye boti ya Sena abiria kijana akiulizwa nyani anaitwaje kwa Kisuba, humgeukia kwanza nyanya yake.