Jipe burudani, usijipe mtihani

Mwaka 1956, huko Walikale, mashariki mwa Kongo, Candi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza kisa cha Mwindo kwa siku 12, mtafiti Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika. Mkononi alitikisa kibuyu, vijana wakampigia mdundo, wasikilizaji wakaitikia. Kwa Wanyanga, watu wa kabila la Rureke, usimulizi huu haukuwa ajira, lakini kisa cha siku 12 hakikaririwi kwa mzaha. Na shujaa wake je? Mwindo amezaliwa akitembea na kusema, anajigamba kupita kiasi, hadi Nkuba, yaani radi, anampandisha mbinguni apigwe mvua, baridi na jua mpaka majivuno yamtoke.

Tuseme nawe, kama Rureke, una sanaa isiyo ajira: unafuma vikapu, unapiga gitaa au unaimba kwaya. Mwili wako unahusika vipi?

Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya kortisoli. Risasi zikilia, homoni hiyo husaidia kukimbia. Shida huanza isiposhuka, na watu wa Masisi, jirani na Walikale, waliohama makwao mara nyingi kwa sababu ya vita, wanaijua shida hiyo kwa majina mengine: usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, hasira za bure.

Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake nchini Marekani waliwapa watu wazima 39 udongo, karatasi na kalamu za rangi kwa dakika 45, wakawapima mate kabla na baada. Kwa robo tatu hivi, kortisoli ilishuka. Mzoefu na asiyewahi kushika kalamu walinufaika bila tofauti kubwa. Utafiti ni mdogo, tusiupigie tarumbeta.

Wenye uzito zaidi ni wa Sally Dickerson na Margaret Kemeny, 2004, waliochambua majaribio 208. Walikuta kwamba kortisoli hupanda zaidi mtu anapofanya jambo asiloweza kulidhibiti huku akihofu kuhukumiwa na wengine. Hapo ndipo penye kosa la wengi wetu: mtu anaanza kuimba ili apumue, wiki ya tatu ameshajigeuza jaji wa sauti yake, na kila noti iliyopotoka inamuuma kama tusi. Kazi anaifanya ileile, ila mwili wake sasa uko mtihanini.

Kwa hiyo fanya mazoezi kwa saa maalumu, rudia ukili uliolegea, mwulize fundi anayekuzidi. Ukikosea mbele ya watoto, weka kando majivuno ya Mwindo, cheka nao kisha fumua uanze tena. Na usikubali haraka kila kikapu kiwe cha kuuzwa. Mnunuzi naye ni jaji.

Lakini ndoto za vita, kushtuka ovyo au kukata tamaa vikizidi mwezi mmoja, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukaeleze. Kikapu utakimalizia ukirudi.