Kisu cha Mfukoni na Namna ya Kukichagua

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Neno hilo hutajwa sana karamuni, lakini ni wachache wanaolikumbuka dukani, wakati wa kununua kisu chenyewe. Aghalabu mtu huvutwa na mng'ao wa ubapa, au na wingi wa vikorokoro vilivyofichwa ndani ya mpini, akatoa fedha yake. Na baada ya mwezi mmoja kisu kimelegea, kimeshika kutu, wala hakikati hata kamba ya katani. Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sifa tunazozipendelea sisi katika kisu cha kuchukuliwa mfukoni kila siku, pamoja na sababu zake, ili kila mtu azipime kwa kazi zake mwenyewe.

Tuanze na kazi, kwa kuwa kisu hufuata kazi. Hapa Njiro, kusini-mashariki ya mji wa Arusha, na katika mashamba yaliyo juu yetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, mtu huhitaji kisu mara nyingi kwa siku moja. Mkulima hufungua gunia la mbegu, hukata kamba ya kumfungia mbuzi, humenya ndizi za mtori, hukata vikonyo vya kupandikizia miparachichi. Mwalimu huchonga penseli za wanafunzi. Karani hufungua bahasha na vifurushi. Jioni wote hao hukata nyama iliyochomwa. Hakuna hata moja katika kazi hizo ihitajiyo ubapa mrefu kama mkono.

Kwa kazi kubwa tunalo panga, na ndugu zetu Wamaasai na Waarusha wanayo sime yao, ambayo katika lugha yao huitwa ol-alem. Sime ni chombo cha heshima. Huvaliwa kiunoni ndani ya ala yake, na wahunzi wa Kimaasai, waitwao Ilkunono, walikuwa wakizifua tangu zamani. Lakini sime haiingii mfukoni, wala haichongi penseli. Kwa hiyo sisi twapendelea kisu kidogo cha kukunja, ambacho ubapa wake ni inchi 3 hivi, yaani kama sentimeta 7 na nusu. Urefu huo watosha kupasua parachichi kubwa, wala haumtishi mtu aketiye karibu nawe.

Basi, kisu cha namna hiyo twakipima kwa mambo matatu: je, chanoleka? Je, chasafishika? Je, chafungika na kufunguka kwa salama? Kisu kikishindwa katika moja la hayo, hata kingekuwa cha bei kubwa namna gani, sisi hatukitaki.

Jambo la kwanza ni chuma chake. Visu vingi hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo ili kipate ugumu. Feleji ya kawaida hunoleka upesi hata kwa jiwe la mtoni, na makali yake huwa mazuri sana. Walakini huingia kutu isipokaushwa, na utomvu wa ndizi au maji ya limau huifanya nyeusi. Weusi huo si ubaya, ila kutu nyekundu ndiyo adui, kwa maana hula makali.

Feleji isiyoshika kutu upesi ni jambo la siku za baadaye. Mwaka 1913 Bwana Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Akachanganya feleji na madini yaitwayo kromi, kadiri ya sehemu 13 katika 100, akaona kwamba chuma hicho hakiharibiki upesi kama vyuma vingine. Kromi hufanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma, isiyoonekana kwa macho, nayo huzuia maji na hewa visikifikie. Ukiona ubapa umepigwa chapa ya "Stainless", au "Inox", au "Rostfrei", maana ya maneno hayo matatu ni moja, yaani kisichoshika kutu. Lakini msomaji asidanganyike: chapa hiyo yaeleza habari ya kutu tu, haielezi habari ya makali. Vipo visu ving'aavyo kama kioo ambavyo chuma chake ni laini, navyo huwa butu kabla gunia la pili halijafunguliwa. Vipo na vingine vigumu mno, hata jiwe la nyumbani haliviwezi.

Tukiulizwa tunapendelea kipi, twajibu hivi. Mtu akaaye penye mvua nyingi juu mlimani, au atokwaye na jasho jingi kazini, na achukue kile kisichoshika kutu. Mtu mwenye subira ya kukipangusa na kukipaka mafuta ya kula kila jioni, na achukue feleji ya kawaida, naye atafurahia makali yake miaka mingi. Sisi wenyewe twaipenda hii ya pili, kwa sababu jiwe letu laiweza.

Jambo la pili ni kufungika. Kisu cha kukunja kina hatari ambayo kisu cha ala hakina: chaweza kujifunga juu ya vidole vya mwenyewe. Mtu hukisukuma kwa ncha ndani ya kitu kigumu, ubapa hurudi nyuma, na kidole hukatwa hata mshipa. Mkono uliokatika mshipa haushiki jembe, wala kalamu. Kwa hiyo twapendelea kisu chenye komeo, yaani kizuizi kinachoushika ubapa ukiisha kufunguliwa.

Makomeo yako ya namna nyingi. Kisu kiitwacho Okapi kina kamani mgongoni mwa mpini, na ubapa ukifunguliwa husikika ukilia ta-ta-ta. Ili kukifunga huna budi kuvuta pete ndogo iliyo mgongoni. Habari za kisu hiki zatuhusu, maana kilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo wakati huo. Jina lake ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo aliyejulikana kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1901. Mwaka 1988 kazi ya kukitengeneza ilihamishwa kwenda Afrika Kusini. Huko Ufaransa kisu cha Opinel, kilichoanzwa na Bwana Joseph Opinel katika jimbo la Savoie mwaka 1890, kina mpini wa mti, na tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma inayozungushwa shingoni ili kuushika ubapa. Vyote viwili ni vya watu wa shamba, vyepesi, visivyo na fahari. Nasi twavisifu kwa hayo.

Kisu cha tatu kijulikanacho sana ni kile chekundu cha Uswisi, chenye msalaba mweupe. Bwana Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa chenye vifaa kadha wa kadha ndani ya mpini mmoja. Kwa karani au fundi wa redio kifaa hicho ni neema. Lakini katika visu vya namna hii vilivyo vidogo, ubapa hushikwa na kamani tu, hauna komeo. Basi usikisukume kwa ncha. Tena mtu na ajiulize, je, vifaa hivi vyote nitavitumia? Kila kifaa cha ziada ni uzito mfukoni na nafasi ya uchafu kuingia. Sisi twaona ubapa mmoja mzuri wazidi vifaa kumi vibovu.

Jambo la tatu ni usafi, na hili watu wengi hawalifikiri kabisa. Kisu kilichokata mgomba mgonjwa huchukua ugonjwa huo mpaka mgomba mzima. Uko ugonjwa uitwao mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria, ambao ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia mkoani Kagera na kuharibu mashamba mengi ya watu ambao ndizi ndiyo chakula chao. Njia mojawapo kubwa ya kuenea kwake ilikuwa visu na mapanga, yaliyotumiwa shamba kwa shamba bila kusafishwa. Sisi wa Meru, ambao migomba yetu na kahawa yetu husimama pamoja, tusingoje msiba ndipo tujifunze.

Panga huweza kupitishwa motoni mpaka lisishikike kwa mkono. Lakini kisu cha mfukoni ni chembamba, na moto ukizidi huondoa ugumu wake; kwa hiyo ni bora kukiosha kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa madoa kama vile Jiki, kisha kukisuuza, kukikausha, na kukipaka mafuta, maana dawa hiyo hula chuma. Kwa sababu hiyo twapendelea kisu ambacho ndani ya mpini wake mwaonekana mpaka chini, ili utomvu na mabaki ya nyama yaweze kutolewa kwa kijiti. Na mwenye uwezo awe na visu viwili, kimoja cha miti, kimoja cha chakula.

Ukifika dukani, usikubali kuuziwa kisu kikiwa ndani ya karatasi yake. Kifungue mwenyewe. Shika ubapa kwa mgongo wake, uutikise kushoto na kulia. Ukicheza sasa, utacheza zaidi baada ya miezi mitatu. Kitazame kwa mwangaza uone kama kimenyooka. Kifunge, kisha pitisha kidole juu ya mpini: ncha isitokeze hata kidogo, maana itatoboa mfuko na paja. Jaribu komeo kwa kubonyeza mgongo wa ubapa taratibu, vidole vikiwa mbali na njia yake. Mwisho, lowesha mkono wako kidogo ukishike mpini. Ukiteleza dukani, utateleza shambani.

Kunoa nako kuna elimu yake. Tia jiwe maji. Simamisha kisu wima juu ya jiwe. Hizo ni nyuzi 90. Kilaze nusu, ni nyuzi 45. Kilaze nusu tena, ni kama nyuzi 22, na hapo ndipo mahali pake. Kisukume mbele kama mtu anayetaka kuchana ngozi nyembamba ya jiwe, mara 10 upande huu, mara 10 upande wa pili, kisha punguza hesabu mpaka moja moja. Umalizie juu ya mkanda wa ngozi, ukikivuta kwa kurudi nyuma. Jaribu makali kwa ukingo wa karatasi, si kwa kidole gumba. Wale mafundi wanoao kwa gurudumu la baiskeli hufanya upesi, lakini mtazame ubapa: ukigeuka rangi kuwa buluu, moto wa gurudumu umekwisha kuondoa ugumu wa chuma mahali hapo, wala hautarudi kwa kunoa.

Neno la mwisho ni la adabu na sheria. Sheria ya nchi yetu humkataza mtu kwenda na silaha hadharani, pasipo sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kilichofungwa mfukoni mwa mkulima ni chombo. Kisu kile kile kikifunguliwa kilabuni katika ugomvi ni silaha, na hakimu hatauliza kilinunuliwa kwa ajili ya parachichi au la. Huko Jamaika na Afrika Kusini wahalifu wamekiharibia jina kisu cha Okapi, ambacho hakikuwa na kosa lolote. Tusifanye hivyo kwetu. Anayekwenda kunywa pombe na akiache kisu nyumbani, na anayesafiri kwa ndege asikichukue mkononi, maana atanyang'anywa mlangoni.

Watoto nao wafundishwe mapema na wazee wao nyumbani: kukata kwa kuelekeza makali mbali na mwili, kufunga kisu kabla ya kutembea, na kumpa mwenzako kwa kutanguliza mpini. Msemo wasema mtoto akililia wembe mpe. Sisi twasema, mfundishe kwanza, ndipo umpe.